Hazina ya Ufuko wa Shela Haikuja na Mawimbi

Mtu atokaye mji wa Lamu akaishika njia ya ukingoni kuelekea kusini, baada ya mwendo wa kilomita tatu hivi hufika Shela. Hiki ni kijiji cha kale chenye nyumba za mawe, vichochoro vyembamba na msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, ambao mnara wake mrefu mweupe huonekana na mabaharia tangu mbali. Kwa upande mmoja kijiji hutazamana na kisiwa cha Manda, ng'ambo ya mlango wa bahari. Kwa upande wa pili nyumba hukoma ghafula, na hapo ndipo uanzapo ufuko.

Ufuko wa Shela una urefu wa kilomita 12 hivi. Huzunguka pembe ya kisiwa, kisha hunyooka kuelekea magharibi, uso wake ukiikabili Bahari ya Hindi. Nyuma yake vimejipanga vilima vya mchanga mweupe, kimoja nyuma ya kingine, vikifanana na mawimbi yaliyogandishwa. Mgeni afikapo hapo kwa mara ya kwanza huona mambo mawili tu, mchanga na maji, akadhani kwamba hapana kitu kingine. Lakini wenyeji wanajua kwamba ufuko ule ni kama ghala lenye milango miwili. Kwa mlango mmoja bahari huingiza vitu vyake mchana na usiku. Kwa mlango wa pili huingia kitu kingine, ambacho hakionekani kwa macho, nacho ndicho kilichouwezesha mji wa Lamu kuishi.

VITU VYA KUSI NA KASKAZI

Wahenga walisema kwamba bahari haishi zinge, na ufuko huu ni ushahidi wa maneno yao. Ukomapo msimu wa kaskazi na kusi kuanza kuvuma, yapata mwezi wa Aprili, mawimbi huwa makubwa na ukingo hujaa mwani. Pamoja na mwani huja vipande vya mbao, vifuu vya nazi, maboya ya nyavu zilizokatika, makombe ya chaza, na mara nyingine gogo zima lililong'olewa na mafuriko ya mto usiojulikana. Wakati wa bamvua maji hupanda sana na vitu hivi huachwa juu karibu na miguu ya vilima. Wakati wa maji mafu hubaki chini, na wimbi lifuatalo huweza kuvirudisha baharini.

Miongoni mwa vitu hivyo mna mbegu ndogo za mviringo, ngumu kama jiwe na za rangi ya kijivu. Hizi ni komwe, mbegu za mkomwe, mmea wenye miiba upendao kuota karibu na bahari. Mbegu hizi huelea, na zaweza kuchukuliwa na mkondo kwa miezi mingi bila kuoza, kisha zikaota katika nchi nyingine. Wachezaji wa bao wanazijua vyema, kwa kuwa ndizo kete zao. Mzee aketiye barazani akizitia komwe katika mashimo ya bao huenda anashika mkononi mwake msafiri aliyeanza safari katika pwani ya mbali.

Kuna pia kauri, ziitwazo na wengine simbi. Leo watoto huziokota kwa mchezo, nao wageni huzinunua kuwa kumbukumbu. Lakini zamani kauri zilikuwa fedha. Katika karne ya 19 wafanya biashara wa Ulaya walinunua kauri za pwani ya Afrika Mashariki kwa shehena nzima, wakazipeleka kwa merikebu mpaka Afrika Magharibi, ambako watu walizitumia sokoni kununulia chakula na nguo. Biashara ile ilikuwa kubwa mno hata mwishowe kauri zilijaa kupita kiasi na thamani yake ikaanguka.

Na kipo kitu ambacho kila mtembea ufukoni hukiwaza moyoni, ingawa ni wachache mno waliokipata. Hicho ni ambari, itokayo tumboni mwa nyangumi na kuelea baharini mpaka itupwe pwani. Msafiri Mwarabu al-Masudi, aliyepita katika bahari hizi karne ya 10, aliandika kwamba ambari bora ilipatikana katika pwani ya Zanj, ndiyo pwani yetu hii.

KASA NA SHIMO LAKE

Si kila kifikacho ufukoni huletwa na mawimbi. Kiko kiumbe kijacho kwa hiari yake, tena kwa kazi maalumu. Usiku, maji yakiwa yamejaa na watu wamelala, kasa jike hutoka baharini akajikokota polepole mpaka mahali ambapo wimbi halifiki. Hapo huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma, akataga mayai mia moja na zaidi, akayafukia, kisha akarudi majini. Hayaatamii mayai yake wala harudi kuyatazama. Kazi yote iliyobaki huachiwa mchanga.

Mchanga huifanya kazi hiyo kwa muda wa miezi miwili hivi. Joto lake ndilo liamualo hata kama watoto watakuwa wake au waume, kwani mchanga wenye joto zaidi huzaa majike. Siku ikitimia vitoto hutoka kwa pamoja usiku, vikakimbilia upande wenye mwanga. Tangu mwanzo wa dunia mwanga wa usiku ufukoni ulikuwa ni ule wa uso wa bahari. Siku hizi mahali pengi taa za nyumba hung'aa kuliko bahari, na vitoto hupotea vikaelekea nchi kavu, ambako hufa kwa jua au huliwa na ndege na kaa. Ni wachache sana wafikao utu uzima, na jike huhitaji miaka ishirini au zaidi kabla ya kurudi kutaga katika pwani za kwao.

Watu wa visiwa hivi wanamjua kasa tangu kale. Kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya kwanza, kiitwacho Periplus, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka pwani hii. Magamba ya ng'amba ndiyo yaliyotakiwa zaidi, yakatengenezwa vitana na mapambo. Wavuvi wa Lamu na Wabajuni walikuwa na ustadi wa ajabu. Walimfunga kamba samaki aitwaye chazo, ambaye ana kitu cha kunyonyea kichwani, wakamwachia majini. Chazo humwendea kasa akamgandama, na mvuvi humvuta kasa kwa kamba ile ile.

Ustadi huo ni sehemu ya historia, lakini kasa wa leo si wengi kama wa zamani. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 kuhusu wanyama wa porini inawalinda kasa wote, na mtu haruhusiwi kuwaua wala kuchukua mayai yao. Basi yeyote aonaye ufukoni alama kama za magurudumu mawili zitokazo baharini, ajue kwamba amefika mlangoni pa nyumba ya mwenyewe. Asichimbe, asiwashe moto hapo, wala asipitishe punda wake juu ya shimo.

VIGAE NA MIFUPA

Pepo za ufukoni hufukia na kufukua. Katika visiwa vya Lamu, hasa pale palipokuwa na miji iliyokufa, mtu huweza kuona vigae vya vyombo vya udongo ukingoni baada ya maji kupwa. Vingine ni vyungu vya wenyeji. Vingine vina rangi ya kijani au buluu, navyo vilikuja na majahazi kutoka Uajemi na China. Wachimbuzi wa mambo ya kale walioanza kazi katika kisiwa cha Manda mwaka 1966 walikuta vyombo vya ng'ambo vyenye umri wa zaidi ya miaka elfu moja. Huko Shanga, katika kisiwa cha Pate, uchimbaji wa miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watu waliishi pale tangu karne ya 8. Kwa hiyo kigae kimoja si takataka, bali ni kama ukurasa uliochanika kutoka katika kitabu. Ukirudishwa mahali pake husomeka, ukitiwa mfukoni hupoteza maana. Kwa sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi wa taifa, vitu vya kale ni mali ya nchi. Avionaye imempasa aviache palipo na kuwaarifu watu wa makumbusho, ambao wana nyumba yao ukingoni mwa mji wa Lamu.

Mchanga wa Shela uliwahi pia kuficha jambo la huzuni. Yapata mwaka 1812 majeshi ya Mombasa na Pate yaliteremka hapa kuja kuushinda mji wa Lamu. Watu wa Lamu walitoka wakawakabili kwa ushujaa, na wavamizi wakavunjika wakayakimbilia majahazi yao. Lakini walikuta bahari imekwisha kupwa na vyombo vimelala juu ya mchanga. Waliuawa wengi sana pale ukingoni. Kwa miaka mingi baadaye upepo ulipohamisha mchanga, mifupa ya watu wale ilionekana vilimani.

Vita vile vya siku moja viligeuza mambo ya pwani nzima. Wazee wa Lamu, kwa kuogopa kisasi cha Mombasa, waliomba ulinzi wa Seyyid Said wa Oman, naye akawaletea liwali na askari. Tangu hapo nguvu ya Oman iliongezeka katika pwani, hata mwaka 1837 Wamazrui nao wakaondolewa katika utawala wa Mombasa. Hayo yote yalitokea kwa kuwa manahodha walisahau kupima maji katika ufuko wa Shela.

VITU VISIVYOOZA

Zamani kila kilicholetwa na bahari kilikuwa na mwisho wake. Mbao zililiwa na wadudu, mwani ukakauka ukawa mbolea, na mifupa ikageuka vumbi. Vitu vya leo ni vya namna nyingine. Katika kila mstari wa mwani mna chupa za plastiki, vifuniko, kamba za nailoni na ndala. Vingine hutupwa na watu wa hapa hapa, vingine husafiri na mikondo kutoka nchi za mbali ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Mfuko wa plastiki unaoelea hufanana na yavuyavu, ambaye ni chakula cha kasa. Kasa huumeza, ukaziba tumbo lake, akafa kwa njaa huku tumbo limejaa.

Watu wa visiwa hivi hawakukaa kitako. Mwishoni mwa miaka ya 1990, huko Kiwayu, kaskazini ya Lamu, wanawake na watoto walianza kuokota ndala zilizotupwa na bahari, wakazichonga wanyama na vitu vya kuchezea, wakaviuza. Tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Na mnamo Septemba 2018 iliteremshwa majini hapa Lamu jahazi isiyo na mfano, iitwayo Flipflopi. Fundi Ali Skanda na wenzake waliiunda kwa plastiki iliyookotwa ikayeyushwa na kufanywa mbao, wakaivika nje ndala zipatazo 30,000 za rangi mbalimbali. Mwanzoni mwa mwaka 2019 jahazi hiyo ilisafiri kwa tanga mpaka Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, ikishuka bandari kwa bandari ili watu waione. Mafundi walitumia ufundi wa baba zao, ila mbao ndizo zilizokuwa mpya. Lakini jahazi moja haiwezi kubeba takataka zote za bahari. Kazi kubwa ingali ni ya kila mtu na chupa yake.

MAJI CHINI YA MCHANGA

Vyote vilivyotajwa huja na kupita. Hazina kubwa kuliko vyote haikuja na mawimbi, bali hushuka kutoka mbinguni. Nayo ni maji ya mvua.

Lamu ni kisiwa kisicho na mto. Visima vilivyo ndani ya mji, vilivyozungukwa na nyumba na vyoo vya shimo, havifai tena kwa kunywa. Maji ya mji hutoka katika visima vilivyochimbwa nyuma ya ufuko, katika nchi ya vilima vya mchanga vya Shela, kisha hupelekwa mjini kwa mabomba. Mvua ikinyesha juu ya vilima haifanyi vijito kama katika udongo mgumu. Mchanga huimeza yote, ukaichuja polepole, ukaiweka chini. Maji matamu ni mepesi kidogo kuliko maji ya chumvi, kwa hiyo huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, kama samli ieleavyo juu ya mchuzi.

Wataalamu wa maji wana hesabu yao juu ya jambo hili, nayo yafaa ifahamike na kila mtu wa kisiwani. Kwa kila futi moja ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, huwa na futi 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Hiyo ni neema kubwa. Lakini hesabu hiyo hiyo yaweza kurudi nyuma. Maji ya juu yakipungua kwa futi moja, iwe kwa kutekwa kupita kiasi au kwa mvua kukosa pa kuingilia, maji ya chumvi huweza kupanda futi 40 kutoka chini. Kisima kikiingiwa na chumvi namna hiyo hakiponi kwa siku moja, wala kwa mwaka mmoja.

Kwa hiyo mchanga wa Shela si mchanga mtupu. Ni paa, ni chujio na ni birika kwa wakati mmoja. Kilima kikiondolewa kwa kuchotwa mchanga wa kujengea, paa limetobolewa. Nyumba zikijengwa juu yake na mashimo ya vyoo yakachimbwa, chujio limetiwa uchafu. Hata majani yatambaayo yenye maua ya zambarau, ambayo wapitaji huyakanyaga bila kuyajali, yana kazi yake. Mizizi yao huushika mchanga usipeperushwe na kusi. Kwa sababu hizi wenyeji wamelalamika kwa miaka mingi kila waliposikia kwamba viwanja vimegawanywa katika vilima hivi. Wengine walidhani kwamba wanakataa maendeleo. Kumbe walikuwa wanatetea mitungi yao.

Kama yuko mwenye shaka, na avuke mlango wa bahari mpaka Manda, akayatazame magofu ya Takwa. Ule ulikuwa mji wenye ukuta, msikiti na nyumba za mawe. Katika karne ya 17 watu waliuhama, na wengi husimulia kwamba miongoni mwa sababu ilikuwa maji ya visima kugeuka ya chumvi. Wahamaji wale walivuka wakaja kukaa Shela, na wazee wa Shela huwahesabu kuwa jadi zao. Mpaka zama zetu watu wa Shela wamekuwa na desturi ya kurudi Takwa kwenye kaburi lenye nguzo, la yapata mwaka 1682, kuomba dua ili mvua inyeshe. Watu ambao jadi zao waliuacha mji kwa ajili ya maji hawawezi kusahau thamani ya maji.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya lilifunguliwa upande wa bara, na watu wanazidi kuja kutafuta kazi na biashara. Hayo ni mambo ya heri. Lakini kila mgeni ajapo huja na kiu yake, na vilima haviongezeki. Bandari yaweza kujengwa, barabara yaweza kupasuliwa, na nyumba ibomokayo yaweza kusimamishwa tena. Hakuna fundi awezaye kujenga kilima cha mchanga chenye maji matamu ndani yake.

Wajibu wenyewe si mzito. Komwe na ziokotwe, watu wacheze bao. Kauri yenye mdudu hai irudishwe majini. Shimo la kasa liachwe, kigae kiachwe na taarifa ipelekwe makumbusho. Chupa na ndala ziokotwe zisirudi baharini. Na mchanga usichotwe wala usijengwe juu yake, bali ubaki pale ulipo. Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Akiba ya Lamu imewekwa nyuma ya ufuko wa Shela, haina kufuli wala bawabu, nayo itadumu maadamu watu wanakumbuka kilichomo ndani yake.